Makaratasi ya ukoo ya mbwa pyua (wa mbegu moja safi) hapa Dodoma yanatolewa na nani hasa?

#1 Kijana wa Ilazo
Wakuu habari za jioni. Natafuta mtoto wa jemani shepadi, nimempata mtu huku Nzuguni ana watoto sita, wana wiki tano, mama nimemuona kwa macho yangu, baba nimeonyeshwa picha kwenye simu. Sasa bei zake ziko mbili. Bila makaratasi laki saba, ukitaka na makaratasi milioni moja na laki mbili. Watoto ni wale wale, mama ni yule yule. Nikamuuliza hiyo laki tano inaenda wapi akasema inaenda kwenye usajili. Usajili wa wapi? Akasema wa kimataifa, akaishia hapo.
Naomba mwenye kujua anieleweshe, haya makaratasi ya ukoo yanatolewa na nani, yanaandikwaje, na je mimi mnunuzi naweza kuyafuatilia mwenyewe baadaye nikalipia huko huko? Wizara ya Mifugo iko hapa hapa Mtumba, kuna dirisha la mbwa?

#2 Tall wa Nzuguni
Laki tano ya karatasi 😀 nitajie mtaa, mkuu, na mimi nikaandikishe wa kwangu, analala getini hana cheti chochote na vibaka wanampigia saluti

#3 Fundi Chang'ombe
Chukua wa laki saba. Mwizi akiruka ukuta haombi kuona cheti. Hela inayobaki jenga banda zuri, maliza chanjo zote, nunua chakula cha maana, hapo utakuwa umemtendea haki mbwa kuliko kununua karatasi ya kuweka kabatini.

#4 Mama Wawili Kisasa
Fundi subiri kwanza, mwenzio kauliza kitu kingine. Kaka wa Ilazo, mimi nazalisha shepadi na nakwambia jambo ambalo wauzaji wengi hawapendi mnunuzi alijue. Makaratasi hayaanzi kwa mtoto, yanaanza kwa wazazi. Mama awe ameandikishwa na baba awe ameandikishwa, kwenye klabu moja au klabu zinazotambuana. Wakati wa kupandisha mwenye dume anasaini fomu kwamba dume lake fulani namba fulani limepanda jike fulani namba fulani tarehe fulani. Baada ya siku sitini na tatu hivi za mimba watoto wanazaliwa, na mwenye jike ndiye anapeleka maombi ya uzao mzima, madume wangapi, majike wangapi, rangi gani. Klabu inampa kila mtoto namba yake. Wewe ukinunua unasainiwa fomu ya kuhamisha umiliki, mbwa anatoka kwa jina la mfugaji anaingia kwa jina lako, ndio unapata cheti chenye ukoo.
Kwa hiyo mnunuzi huwezi kwenda mwenyewe ukaanzia katikati, huna saini ya mwenye dume wala ya mwenye jike. Na hizo bei mbili ndio zinanitia shaka zaidi, kwa kawaida uzao unaandikishwa wote kwa pamoja, sio huyu namwandikisha kwa sababu umenipa hela na mwenzie namwacha.

#5 Mbukwa Halisi
Mbukwenyi wanajamvi. Mama Wawili kamaliza kila kitu bandiko la nne, tufunge uzi tukalale?

#6 Baba Simba
Usifunge mkuu. Namheshimu dada hapo juu ila bei mbili sio lazima iwe uongo. Kule Marekani klabu yao kubwa, AKC, ina usajili wa aina mbili, ule kamili na ule wenye kikomo. Mwenye kikomo mbwa anatambulika kuwa pyua na cheti anacho lakini watoto wake hawaandikishwi, na anayeamua ni mfugaji. Uingereza nako mfugaji anaweza kuweka zuio kwenye rekodi ya mtoto kwamba uzao wake usisajiliwe. Sasa inawezekana huyu wa Nzuguni anauza haki ya kuzalisha, wa laki saba ni wa kulinda nyumba tu na wa milioni na ushee ni wa mtu anayetaka kuendeleza mbegu. Nimeona wafugaji wakifanya hivyo na ni watu safi.

#7 Mama Wawili Kisasa
Baba Simba soma ulichoandika mwenyewe. Huko Marekani wote wawili wana makaratasi, kinachotofautiana ni aina. Huyu anauza mwenye karatasi na asiye na karatasi. Ni vitu viwili tofauti kabisa.

#8 Baba Simba
Hapo umenishika dada. Lakini asiulize tu "karatasi ipo", aulize ni ya aina gani.

#9 Mchungaji wa Mpwapwa
Nimefanya kazi ya mifugo serikalini hadi nikastaafu, nijibu hilo la dirisha. Wizara haitoi ukoo wa mbwa. Kazi ya serikali kwenye mbwa ni afya na uingizaji, ukitaka kuleta mbwa kutoka nje unaomba kibali kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, unakuja na cheti cha afya cha nchi anakotoka na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwenye kata afisa mifugo wako anahangaika na chanjo, na kila tarehe 28 Septemba siku ya kichaa cha mbwa duniani utasikia matangazo. Nasaba ya mbwa ni kazi ya vyama vya wafugaji wenyewe, sehemu nyingi duniani iko hivyo, serikali inakaa pembeni.

#10 Kijana wa Ilazo
Asanteni sana nimejifunza. Mzee wa Mpwapwa shikamoo. Sasa muuzaji kanitumia picha ya kijitabu, kina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, rangi, sehemu ya kuandika mbegu kaandika jemani shepadi pyua, na muhuri wa daktari. Anasema hiki ni hatua ya kwanza ya makaratasi. Kweli?

#11 Daktari wa Area D
Hicho ni kitabu cha chanjo. Mimi ni daktari wa mifugo na navijaza kila siku, pale kwenye mbegu naandika alichonitajia mwenye mbwa, sijamwona baba, sijamwona bibi. Muhuri wangu unathibitisha nimedunga chanjo ya aina fulani siku fulani, ukoo hauhusiki. Kadi ya kliniki ya mtoto haiwi cheti cha kuzaliwa hata ikijazwa vizuri namna gani. Usiidharau lakini chanjo, ugonjwa wa pavo wa kuhara na kutapika hauangalii nasaba na kwa hapa kwetu ndio unaomaliza watoto wa mbwa wengi kabla hata ya miezi minne.
Kitu kingine, uliza kama wana chipu. Ni kidude kama punje ya mchele kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega, kina namba ya tarakimu 15, unapitisha kisomeo inatokea. Chipu peke yake haisemi mbwa ni pyua, hata mbwa koko anawekewa. Umuhimu wake ni kwamba karatasi ikiandikwa namba hiyo basi karatasi na mbwa vimefungwa pamoja. Karatasi isiyo na chipu wala tatuu inaweza kuwa halali kabisa ila ni ya mbwa mwingine aliyekufa mwaka juzi.

#12 Tall wa Nzuguni
Daktari hapo mwisho umenitisha. Watu wanarithisha vyeti vya marehemu??

#13 Daktari wa Area D
Ndiyo.

#14 Chausiku wa Makole
Hilo limetokea kwangu. Nilinunua rotwaila kwa mtu simtaji, akanipa cheti kizuri tu, vizazi vitatu, mihuri, kila kitu. Nikaja kugundua kwenye cheti mbwa ni jike na mimi nina dume. Nikampigia akasema klabu ilikosea kuandika, atarekebisha. Simu ikawa haipokelewi. Mbwa nampenda na yupo hadi leo ila ile karatasi haina maana yoyote.

#15 Dogo Msalato
Jamani mbona mnazunguka, makaratasi halali duniani ni ya FCI tu, yanatoka Ubelgiji. Mwambie muuzaji akuonyeshe nembo ya FCI, kama haipo ni feki. Rahisi hivyo.

#16 Baba Simba
Dogo hapana. FCI ni shirikisho la vyama, lilianzishwa 1911 na nchi tano, Ujerumani, Austria, Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, na makao yake ni Thuin Ubelgiji hapo uko sahihi. Lakini lenyewe halitoi cheti cha ukoo cha mbwa wa mtu. Cheti kinatolewa na chama cha nchi, FCI inatambua. Na Kennel Club ya Uingereza ya tangu 1873 haimo ndani ya FCI, AKC ya Marekani ya 1884 nayo haimo, utasema vyeti vyao ni feki? Wana makubaliano ya kutambuana. Kwa ukanda wetu huku watu wengi wanaifahamu East Africa Kennel Club ya Nairobi, na kusini kuna KUSA ya Afrika Kusini ambayo ipo toka 1891 na yenyewe ni ya FCI.

#17 Singida Mjini
Na ukisema FCI tu utakuwa umetutukana sisi wenye Boerboel. FCI haijaitambua Boerboel, na ni mbwa mkubwa mwenye vitabu vyake Afrika Kusini, ana chama chake chenye wakaguzi wanaompima mbwa kichwa, kifua, miguu, mwendo hadi tabia, ndipo anaruhusiwa kuzalisha. Marekani AKC walimpokea rasmi mwaka 2015. Kwa hiyo dogo inategemea mbegu. Klabu ya mbegu yako inasema nini, hilo ndilo swali.

#18 Dogo Msalato
Sawa wakuu nimeelewa, mmenishukia kama mwewe 😂

#19 Baba Simba
Niwape na ya kwangu maana Kijana aliuliza inakuwaje kwa vitendo. Mbwa wangu Simba nilimtoa Nairobi, wazazi wake wote wameandikishwa East Africa Kennel Club. Kabla sijalipa nikaomba vitu viwili, picha ya vyeti vya wazazi na namba zao, nikaandikia klabu kuuliza kama hizo namba zipo na zina majina ya hao watu. Wakathibitisha. Nikaomba kibali cha kuingiza huku kwetu, daktari wa Kenya akatoa cheti cha afya, Namanga tukakaguliwa, chipu ikasomwa ikafanana na karatasi, tukashuka Arusha Babati Kondoa mpaka Dodoma, mtoto kalala njia nzima. Kilichonichelewesha ni jambo moja tu, chanjo ya kichaa cha mbwa inadungwa mtoto akifikisha miezi mitatu na baada ya hapo kuna muda wa kusubiri, kwa hiyo ukiwa na haraka ya kumchukua ana wiki nane mpakani utakwama, na ni haki yao kukukwamisha. Na ukitoka nchi moja kwenda nyingine ukataka kumwandikisha upya unahitaji kile cheti cha ukoo cha kusafirishia nje, kinatolewa na klabu ya kule anakotoka. Watu wengi wanasahau kukiomba wakiwa bado wanaongea vizuri na muuzaji.

#20 Fundi Chang'ombe
Nimewasoma wote na heshima zenu. Sasa nijibuni hili. Huyo jemani shepadi mwenyewe mnayemtafutia vyeti, mbwa wa kwanza kabisa kwenye kitabu chao anaitwa Horand von Grafrath, namba SZ1, yule kapteni von Stephanitz alimwona kwenye maonyesho mwaka 1899 akamnunua, akambadilisha jina, mwaka huo huo akaanzisha SV, chama cha shepadi cha Ujerumani, na kumwandika wa kwanza. Huyo Horand kitabu alikuwa nacho? Alichaguliwa kwa macho na kwa kazi, alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Karatasi ilikuja baada ya mbwa. Mimi nasema mwangalie mbwa. Anafanya kazi, ana akili, ana miguu mizima, basi.

#21 Mama Wawili Kisasa
Fundi hiyo hoja naipenda kwa kweli. Lakini endelea mbele kidogo. Von Stephanitz hakuishia kumwangalia Horand, alianza kuandika nani kazaa nani, na kwa sababu aliandika ndiyo maana wewe leo uko Chang'ombe unamjua Horand kwa jina. Angeacha kuandika tungekuwa tunabishana tu mbwa wangu pyua wako sio.
Na hiyo miguu mizima huwezi kuiona mtoto ana wiki nane. Shepadi ana shida ya nyonga, inajitokeza baadaye, na Wajerumani wanapiga picha za eksirei za nyonga mbwa akishafika mwaka mmoja, nchi za FCI wanapanga A (nyonga nzima) hadi E (mbovu kabisa). Matokeo ya wazazi yanaandikwa. Mtoto hana cha kukuonyesha, wazazi ndio wanacho, na hicho ndicho ninacholipia mimi kwenye karatasi. Mihuri hainisumbui.

#22 Daktari wa Area D
Naunga mkono ila nisahihishe kidogo, wazazi wenye nyonga A wanapunguza hatari, hawaiondoi. Kuna uzito, chakula, kuruka ngazi akiwa mdogo. Karatasi haikupi dhamana ya afya na hata klabu zenyewe zinasema hivyo.

#23 Mbukwa Halisi
Mimi hoja yangu iko kwa hawa mbwa wetu wa kuchungia huku Bahi na Chamwino. Wamekaa na Wagogo toka enzi na enzi, wanakula walichopata, wanatembea na ng'ombe kutwa nzima juani. Nani kawaandika? Mkitoka hapo mnawaita koko.

#24 Baba Simba
Na inawezekana kuwaandika kaka. Yule Basenji wa Kongo alichukuliwa vijijini hivi hivi. AKC kitabu chake kilikuwa kimefungwa, damu ikawa nyembamba na magonjwa yakajaa, ikabidi wafungue tena wapokee mbwa waliotolewa Kongo, mara ya kwanza 1990 na tena kuanzia 2009. Na Rhodesian Ridgeback mwenye mstari wa manyoya mgongoni, vigezo vyake viliandikwa Bulawayo 1922, na sehemu ya damu yake ni mbwa wa wenyeji wa kusini mwa Afrika. Walikaa wafugaji wakakubaliana.

#25 Mchungaji wa Mpwapwa
Mnakwenda mbali Bulawayo, hamwoni cha hapa. Ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa kituo cha utafiti pale pale Mpwapwa, kuanzia miaka ya 1940, wakachanganya Sahiwal, Red Sindhi, zebu wetu, Boran na Ayrshire kidogo. Yule ni chotara wa machotara, lakini kila ndama alikuwa na hereni na kitabu, baba nani mama nani, maziwa lita ngapi, uzito gani. Leo ni mbegu inayotambulika. Nawaambia hivi kwa sababu vijana mnadhani karatasi ni hati ya usafi. Karatasi ni kumbukumbu ya uzazi. Hata chotara anaandikwa, na akiandikwa kwa uaminifu vizazi vingi anakuja kuwa mbegu. Anayedanganya kwenye kitabu ndiye anaua mbegu, hata ng'ombe wake wawe wazuri vipi.

#26 Tall wa Nzuguni
Mzee heshima yako. Nimetoka kwenye mbwa nimeingia kwenye ndama na sijutii

#27 Chausiku wa Makole
Hilo la mzee ndilo linaniuma mimi kwa hapa Dodoma. Mji umekua haraka, watu wamehamia, kila nyumba Iyumbu na Ilazo inataka mbwa, na madume ya shepadi yanayojulikana mjini ni machache, jike lolote linapelekwa kwa dume lile lile. Miaka mitatu minne mtu ananunua dume Kisasa na jike Miyuji anasema wametoka sehemu mbili tofauti, anawapandisha, kumbe baba mmoja. Ndugu wa baba mmoja wakizaa mtoto anabeba asilimia 12.5 ya undugu wa damu, ndugu wa baba na mama mmoja asilimia 25, sawa na mama kupandwa na mwanae. Ndiyo unaona watoto wanazaliwa wachache, wanyonge, meno yamepishana, kende moja haishuki. Ukiwa na karatasi ya vizazi vitatu una mababu kumi na nne mbele yako, unaweka karatasi mbili sambamba, ukiona jina limejirudia unajua. Bila karatasi unabahatisha. Fundi hata kama hutaki maonyesho wala sifa, hili huwezi kulikataa.

#28 Fundi Chang'ombe
Sikatai hilo. Nakataa laki tano.

#29 Dogo Msalato
Swali la mtu mdogo. Kama baba na mama ni pyua kwa sura na hawana karatasi, siwezi kupima DNA nikapeleka majibu klabu?

#30 Baba Simba
DNA zipo za aina mbili dogo. Ile ya kukwambia mbwa wako ni asilimia ngapi ya mbegu gani, klabu kubwa hazikubali kama msingi wa usajili. Ile ya kuthibitisha kwamba huyu ni mtoto wa fulani na fulani, hiyo wanaitumia sana, ila inahitaji hao fulani na fulani wawe wameandikishwa tayari. Marekani wana mlango mwingine kwa mbwa wasio na karatasi wanaofanana na mbegu, anaingizwa kwenye orodha ya pembeni ili aweze kushiriki michezo, na sharti ni awe amehasiwa. Kwa hiyo kuzalisha hapana.
Na uangalie, intaneti imejaa tovuti zinazojiita klabu, unatuma picha na hela unaletewa cheti chenye dhahabu pembeni. Hawaulizi wazazi. Ukipewa cheti, itafute klabu yenyewe kabla hujamtafuta mbwa.

#31 Kijana wa Ilazo
Wakuu nimerudi. Nimemuuliza muuzaji kwa upole kama mlivyonielekeza. Majibu haya hapa. Mama ana cheti cha Nairobi, kanitumia picha, vizazi vitatu, namba ipo. Baba anasema ametoka Ujerumani, cheti chake ni cha rangi ya pinki cha SV, lakini jina la kwenye cheti ni tofauti kabisa na jina wanalomwita, na mmiliki aliyeandikwa sio yule mwenye dume wa sasa. Chipu ya baba anasema ipo ila kisomeo hana. Na uzao bado haujapelekwa klabu, anasema anasubiri ajue wangapi wanataka makaratasi.

#32 Dogo Msalato
Jina tofauti = feki. Kimbia.

#33 Mama Wawili Kisasa
Dogo taratibu. Jina la kwenye cheti na jina la nyumbani mara nyingi havifanani. Kule Ujerumani watoto wa uzao mmoja majina yote yanaanza na herufi moja, kisha linafuata jina la banda la mfugaji. Mbwa anaweza kuandikwa Quasto von fulani na nyumbani anaitwa Rex. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni umiliki. Kama dume halijahamishwa kwenda kwa mwenye nalo wa sasa, nani atasaini fomu ya upandishaji? Hapo ndipo hela ya laki tano inaweza kuwa inakwenda, kumtafuta mmiliki wa zamani.

#34 Singida Mjini
Au mwenye dume anadai hela yake ya kupandisha. Hii ni kawaida sana mjue. Wanakubaliana utanipa mtoto mmoja au laki kadhaa, jike likizaa mwenye jike anazungusha, mwenye dume anasema sisaini. Makaratasi yanakwama na mnunuzi anaambiwa klabu inachelewesha. Kwangu mimi Boerboel wangu alikaa muda mrefu bila cheti kwa ugomvi wa watu wawili ambao mimi hata siwajui.

#35 Daktari wa Area D
Au dume la kwenye picha silo lililopanda. Jike akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume zaidi ya mmoja na uzao mmoja ukawa na baba wawili. Banda likiwa na uzio dhaifu siwezi kula kiapo. DNA ya watoto na dume inamaliza hilo.

#36 Baba Simba
Na kuhusu pinki, watu wanapenda sana kuitaja. Karatasi ya pinki ya SV inamaanisha wazazi wa huyo mbwa walipita ukaguzi wa uzazi, nyeupe ni wale ambao wazazi wao hawakupita. Ni habari ya wazazi wake. Yeye mwenyewe kama amepita au hajapita ni kitu kingine, muulize hilo. Na kama ni wa zamani kidogo mwangalie sikioni kuna tatuu, walikuwa wanachora kabla ya chipu, mfananishe na karatasi.

#37 Fundi Chang'ombe
Mnaona sasa? Kijana kaja kutafuta mbwa, ameshakuwa mpelelezi.

#38 Chausiku wa Makole
Bora apeleleze sasa kabla hajalipa.

#39 Mbukwa Halisi
Kwa nini asilipe laki saba, na laki tano waiandikie makubaliano, cheti kikitoka kwa jina lake ndio anatoa? Shahidi mwenyekiti wa mtaa.

#40 Mama Wawili Kisasa
Hilo ni wazo zuri. Ila aweke na muda, klabu nyingi zina ukomo wa umri wa mtoto kuandikishwa au adhabu ukichelewa. Na aandike namba ya cheti cha mama na cha baba ndani ya makubaliano, sio "atapewa makaratasi" tu.

#41 Baba Simba
Mimi kwa upande wangu nisingechukua huyo. Ningesubiri uzao mwingine ambao umeshaandikishwa. Mwenye nia ya kuandikisha hasubiri kuhesabu wateja.

#42 Mama Wawili Kisasa
Mimi ningemchukua kama mama ni mtulivu na watoto hawaogopi watu. Cheti cha mama kipo na kinaweza kuthibitishwa leo leo. Wafugaji wengi wanangoja kwa sababu ada inatoka mfukoni kwao na hawajui kama watoto wote watapona. Kijana, umepima urefu wa huyo jike? Shepadi jike kwa vigezo ni sentimita 55 hadi 60, dume 60 hadi 65, kilo 30 hadi 40. Wakikwambia baba ana kilo 55 na wanajisifia, uliza tena.

#43 Kijana wa Ilazo
Dada baba wanasema kilo 48 😅 Kesho daktari wa Area D kanikubalia tutakwenda na kisomeo kwa mwenye dume. Na cheti cha mama nimeshaandikia Nairobi. Ukoo wake upande wa kiume babu yake ni mbwa aliyeandikwa namba inayoishia 417, nimeficha nyingine kwa heshima ya mwenye nayo.

#44 Chausiku wa Makole
Ngoja. 417 wa Nairobi, mweusi wote, banda la Karen?

#45 Kijana wa Ilazo
Ndiyo huyo huyo, rangi imeandikwa nyeusi.

#46 Chausiku wa Makole
Dada yangu wa Miyuji ana dume la babu huyo huyo, upande wa mama, na alishaongea na mtu wa Nzuguni kumpandishia jike msimu ujao. Nitumie cheti inbox, tuviweke sambamba leo usiku kabla hawajapeana tarehe.